Nyuzi 40.3 mbele ya miaka 363: tathmini ya kumbukumbu ya joto la England ya Kati

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala kaunta, na mtumiaji hailipii hata senti moja. Ni kumbukumbu ya joto la England ya Kati, ambayo wataalamu huiita HadCET, inayotunzwa na Kituo cha Hadley kilicho chini ya Met Office, mamlaka ya hali ya hewa ya Uingereza, na kuwekwa kwenye intaneti ili kila mtu apakue anachohitaji. Inaanza Januari 1659, inakuja mwezi kwa mwezi bila kukatika hadi mwezi uliopita, na hakuna mfululizo mwingine duniani wa joto lililosomwa kwa kipimajoto ulio mrefu kuliko huo. Nimeitumia tangu Julai 2022. Kilichonipeleka huko ni ubishi ulioanzia kwenye korido ya nyumba ya kutunzia wazee.

Ninaishi Birmingham na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Usiku wa Jumatatu tarehe 18 Julai 2022, kuamkia Jumanne, nilikuwa zamu katika ghorofa ya juu, na kipimajoto kidogo kilichotundikwa kwenye korido kilionyesha nyuzi 31 saa nne za usiku. Madirisha ya vyumba vya wazee yamefungwa vizuizi ili mtu asije akaanguka, kwa hiyo yanafunguka kiasi cha kupitisha kiganja tu, na hewa iliyokuwa nje haikuwa na ubaridi wa kuingiza. Tulikuwa tukilowesha taulo ndogo kwenye beseni, tukizikamua na kuzipangusa shingoni na kwenye viganja vya mikono vya wazee, kisha tukizunguka na jagi la maji chumba kwa chumba, kwa sababu mzee mwenye umri wa miaka 80 na kitu mara nyingi hahisi kiu hata mwili wake unapokauka. Mwenzangu wa zamu, kwa nia njema kabisa, aliniambia kwamba kwa kuwa nimetoka Tanga joto hilo lilikuwa la kwetu. Nilimweleza kwamba joto la kaskazi nyumbani ni kali na lina jasho lake, lakini nyumba zetu zina dari za juu, madirisha yanatazamana ili upepo uingie huku na kutokea kule, na jioni watu hutoka barazani. Nyumba ya hapa imejengwa ili joto lisitoke. Inapopata joto la siku tatu mfululizo inalihifadhi kama chungu kilichofunikwa.

Mzee mmoja ambaye hakuweza kulala alitusikia, akasema kwamba sisi hatukuiona 1976. Hili, alisema, ni joto la siku mbili tu, na lile lilikuwa kiangazi kizima. Alisema bila hasira, kama mtu anayetoa ushahidi wa jambo aliloliona kwa macho yake. Asubuhi yake, kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa huku, mdogo wangu mmoja aliyefika mwaka uliotangulia akaandika: "Dada, hivi joto hili ni geni kweli, au ndivyo kunavyokuwa kila mwaka na sisi ndio wageni?" Sikuwa na jibu la kumpa yeye, na sikuwa nimempa jibu yule mzee.

Jumanne hiyo mchana kituo cha Coningsby, katika mkoa wa Lincolnshire, kilipima nyuzi joto 40.3. Uingereza haikuwahi kupima nyuzi 40 tangu vipimo vianze. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa 38.7, iliyopimwa Cambridge tarehe 25 Julai 2019, na kabla yake 38.5 iliyopimwa Faversham, Kent, mwezi Agosti 2003. Siku hiyo moja vituo 46 vilifikia au kuipita rekodi ya zamani. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa onyo jekundu la joto kali kutolewa nchini, na mashariki mwa London, katika kijiji cha Wennington, moto uliotoka kwenye majani makavu ukateketeza nyumba za watu. Mamlaka ya afya ilipohesabu baadaye, vifo vilivyohusishwa na vipindi vya joto vya kiangazi kile nchini England vilikaribia 3,000, na wengi wao walikuwa wazee. Kwa hiyo swali la mdogo wangu kwangu halikuwa la maarifa ya jumla. Kama joto hili ni la kawaida, basi tunastahimili siku mbili na maisha yanaendelea. Kama ni geni, basi nyumba ninayofanyia kazi inahitaji mabadiliko, na mtu fulani anapaswa kuambiwa hivyo akiwa na takwimu mbele yake.

Nilipofungua faili la kwanza nilikuta jedwali la maandishi matupu lisilo na picha, rangi wala maelezo ya kumshika mtu mkono. Kushoto kuna mwaka, kisha safu kumi na mbili za miezi kuanzia Januari hadi Desemba, na mwisho kabisa safu ya wastani wa mwaka mzima. Mstari mmoja ni mwaka mmoja, na mistari imezidi 360. Kwa macho ya mtu aliyezoea programu za simu zenye jua linalong'aa na wingu linalotembea, faili hili ni kavu. Nilichofanya ni kulinakili kwenye lahajedwali, na kuanzia hapo likawa rahisi kupanga, kuhesabu na kulinganisha. Yapo pia mafaili ya majira, ambamo kiangazi ni Juni, Julai na Agosti kwa pamoja, na yapo ya siku kwa siku: wastani wa siku kuanzia 1772, na joto la juu na la chini la siku kuanzia 1878. Anayetaka kujua kuhusu mawimbi ya joto asiishie kwenye faili la miezi, na sababu nitaieleza baadaye.

Kabla ya kuiamini nilitaka kujua imetengenezwaje, na hapa ndipo huduma hii iliponivutia zaidi, kwa sababu haifichi viraka vyake. Aliyeiunganisha ni mwanasayansi wa hali ya hewa aliyeitwa Gordon Manley, aliyekusanya shajara na madaftari ya watu waliopima joto katika sehemu mbalimbali za nchi, akayalinganisha, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1953 na tena 1974. Eneo linalowakilishwa ni kama pembetatu ambayo pembe zake ni Lancashire, London na Bristol, na Birmingham imo ndani yake. Siku hizi vipimo vinatoka katika vituo vichache tu, vikiwemo Rothamsted, Pershore na Stonyhurst, ambako kipimajoto hukaa ndani ya kasha jeupe lenye kuta za mbao zilizopangwa kama shata za dirisha, futi nne hivi juu ya nyasi, ili kipime hewa na si jua lenyewe. Watu wengi hulinganisha tarakimu ya kituo na ile wanayoiona kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, kisha wanasema watu wa hali ya hewa wanapunguza. Kinachopimwa katika kasha lile ni hewa ya kivulini.

Miaka ya mwanzo ni dhaifu, na jambo hilo linasemwa wazi. Katika karne ya 17 vipimajoto vilikuwa vichanga, tarakimu nyingi zilikadiriwa hadi nusu nyuzi au nyuzi nzima, na wapimaji wengine walikiweka kipimajoto ndani ya chumba kisichowashwa moto, si nje. Katika sehemu ya miaka ya mwanzo wa karne ya 18 Manley alilazimika kuziba pengo kwa kutumia vipimo vya Utrecht, nchini Uholanzi. Hata tarehe zilihitaji kusawazishwa, kwa maana England ilitumia kalenda ya zamani hadi mwaka 1752. Upande wa pili, vituo vya karne ya 20 vilianza kuzungukwa na miji, na lami na matofali hushika joto. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1974 tarakimu zimekuwa zikipunguzwa kidogo, sehemu moja hadi tatu za kumi za nyuzi, ili joto la miji lisije likahesabiwa kuwa joto la nchi. Ninawaomba wanaosema kwamba takwimu za joto zinapikwa ili zionekane kubwa waliangalie jambo hilo moja: marekebisho hayo yanashusha vipimo vya sasa.

Nilianza na mwaka wa yule mzee, na nilikuta kwamba alikuwa anasema kweli. Wastani wa kiangazi cha 1976 katika kumbukumbu hii ni nyuzi 17.8, zaidi ya nyuzi 2 juu ya wastani wa viangazi vya 1961 hadi 1990, na kwa miongo mingi hakuna kiangazi kilichokifikia. Cha 1826 kilikaribia, kwa 17.6. Cha 2003, ambacho joto lake liliua zaidi ya watu 70,000 barani Ulaya, hakikukifikia katika England ya Kati, na cha 2018 nacho hakikukifikia. Cha 2022, pamoja na nyuzi 40 zake, kilibaki nyuma. Mwaka 1976, kuanzia tarehe 23 Juni hadi 7 Julai, siku 15 mfululizo hazikupita bila mahali fulani nchini England kufikia nyuzi 32. Mvua ilikuwa imeadimika tangu Mei 1975, na udongo uliokauka hauna maji ya kugeuza kuwa mvuke, kwa hiyo nguvu ya jua ambayo ingetumika kukausha ardhi inaishia kupasha hewa. Bunge lilipitisha sheria ya ukame, na serikali ikamteua waziri wa kushughulikia ukame, Denis Howell. Mtu aliyepanga foleni kwenye bomba la mtaani na ndoo mkononi wakati huo hana sababu ya kuambiwa kwamba anaota.

Naipa huduma hii sifa kubwa kwa jambo hili. Nilikwenda nikitafuta tarakimu ya kumshinda mzee, na faili likaniambia kwanza kwamba mzee ana haki yake. Chombo kinachompa kila mtu jibu alilokuja nalo hakifai kuaminiwa.

Kisha niliendelea kusoma. Katika kiangazi chote cha 1976 joto la juu kabisa lililopimwa Uingereza lilikuwa nyuzi 35.9, huko Cheltenham, tarehe 3 Julai. Siku ya 19 Julai 2022 iliizidi kwa nyuzi 4.4. Mwaka 1911, ambao nao husimuliwa sana kwa joto lake, ulifikia 36.7, na rekodi hiyo ilidumu hadi Agosti 1990, Cheltenham ilipopima 37.1. Ilichukua karibu miaka 80 kuivunja rekodi kwa sehemu nne za kumi za nyuzi. Kutoka 1990 hadi 2022, miaka 32, imepanda kwa zaidi ya nyuzi 3. Nilipopanga tarakimu hizi juu chini kwenye lahajedwali nilielewa kwamba mzee na mimi tulikuwa tukibishania vitu viwili tofauti, yeye urefu wa joto na mimi kilele chake, na kwamba vyote viwili vimo humu ndani, kila kimoja na faili lake.

Ila jambo lililonifanya nirudi kwenye kumbukumbu hii mara kwa mara ni majirani wa kila mwaka, kuliko rekodi zenyewe. Ukiutazama mstari wa 1976 kisha ukatazama miaka iliyoutangulia na iliyoufuata, unauona umesimama peke yake kama mnazi katika shamba la mpunga. Ukiutazama 2022, jirani zake wanaukaribia urefu wake. Wastani wa mwaka katika England ya Kati kwa kipindi cha 1961 hadi 1990 ulikuwa karibu nyuzi 9.5, na kwa kipindi cha 1991 hadi 2020 ni karibu 10.2. Tofauti ya sehemu saba za kumi za nyuzi inasikika ndogo, na wapo wanaoicheka, lakini huo ni wastani wa mchana na usiku, masika na kipupwe, wa miaka 30 kwa pamoja. Kiwango cha kawaida kikipanda kiasi hicho, hali ya hewa ileile ambayo zamani ingeleta nyuzi 36 sasa inaleta zaidi, na siku za joto kali huongezeka kwa kasi inayozidi sana ile ya wastani. Ripoti ya mwaka ya hali ya tabianchi ya Uingereza ilihesabu hivi: katika miaka 2014 hadi 2023, siku zenye joto la nyuzi 5 juu ya wastani wa 1961 hadi 1990 ziliongezeka maradufu, zile za nyuzi 8 juu yake mara tatu, na zile za nyuzi 10 juu yake mara nne. Mwaka 2022 ulipofungwa, wastani wake katika England ya Kati ulikuwa 11.1, juu ya mwaka wowote uliotangulia tangu 1659. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution nao walikadiria kwamba joto lile la Julai liliongezewa uwezekano wa kutokea angalau mara kumi na mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu.

Swali ambalo nimeulizwa zaidi ninapowaonyesha watu faili hili linahusu mwanzo wake. Mwaka 1659 uko katikati ya karne za baridi barani Ulaya. Wastani wa kipupwe cha 1684 ulikuwa chini ya sifuri, nyuzi 1.2 chini yake, na mwaka 1740 ndio wa baridi kuliko yote, wastani wa 6.8 tu. Je, si kweli kwamba nchi inapona tu kutoka baridi ile? Swali ni zuri na lina jibu ndani ya mistari yenyewe. Ukiweka vidole viwili kwenye jedwali, kimoja katika miaka ya 1730 na kingine katika miaka ya 1930, utakuta miongo hiyo miwili haitofautiani sana. Kulikuwa na joto, kisha baridi, kisha joto tena, kupanda na kushuka kama maji kupwa na kujaa. Mpando unaotoka nje kabisa ya mchezo huo unaonekana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, nao haujarudi. Anayechukua 1690 na 2022 peke yake, au 1976 na mwaka mmoja wa baridi wa karibuni, anaweza kuthibitisha lolote. Mwenye nia njema asome miaka 30 kwa pamoja.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ile niliyoidokeza: wastani wa mwezi unaficha siku. Ukifungua faili la miezi ukaitafuta Julai 2022, mwezi wa nyuzi 40, hutauona kileleni. Julai iliyoongoza kwa muda mrefu ni ya 2006, ambayo wastani wake ulikaribia nyuzi 20. Joto la 2022 lilikuja kwa siku chache na kuondoka, na wiki nyingine za mwezi huo zikalifunika. Mtu asiyejua hilo atalifunga faili akisema kwamba watu wa habari walitia chumvi. Lazima uende kwenye faili la siku, na huko tarehe 19 Julai 2022 inasimama juu ya siku zote. Kwa kazi yangu, joto la chini la usiku ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu mwili wa mzee unahitaji saa kadhaa za ubaridi ili moyo upumzike; na usiku ule baadhi ya vituo havikushuka chini ya nyuzi 25, wakati rekodi ya zamani ya usiku wenye joto kali zaidi ilikuwa 23.9, ya Brighton mwaka 1990. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka beseni langu la taulo, ambalo maji yake yalikuwa yakipata uvuguvugu kabla hatujamaliza vyumba vya upande mmoja.

Ya pili, pembetatu ile si Uingereza nzima. Haisemi lolote kuhusu Scotland, Wales ya kaskazini wala Ireland ya Kaskazini. Kwa nchi nzima Met Office inatoa mfululizo mwingine unaoanzia 1884, mfupi lakini mpana, na ndio uliotumika kutangaza kwamba kiangazi cha 2025 kilikuwa cha joto kuliko vyote nchini, wastani wa nyuzi 16.10, kikikiondoa kile cha 2018 kilichokuwa 15.76. Kwa tangazo hilo 1976 iliondoka katika tano bora, na zote tano zilizobaki, 2025, 2018, 2006, 2003 na 2022, ni za karne hii. Anayetaka mahali pamoja badala ya eneo atumie mafaili ya vituo vya kihistoria. La Oxford linaanza 1853, na mimi hulitumia ninapotaka kuhakikisha kwamba ninachokiona katika England ya Kati hakikuzaliwa na kuunganisha madaftari ya watu mbalimbali.

Watu wengi wamekwishaona michirizi ya rangi, bluu kwa mwaka wa baridi na nyekundu kwa wa joto, iliyobuniwa mwaka 2018 na Profesa Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading. Ni kazi nzuri sana, inapatikana bure, na ina michirizi ya nchi nyingi zikiwemo Tanzania na Kenya, hivyo msomaji aliye Mwanza au Lamu anaweza kuanzia hapo kabla ya kuingia katika mambo ya Lancashire. Mimi nimeitundika kwenye ubao wa wafanyakazi, na inasimamisha watu. Lakini michirizi haina tarakimu, na mzee wa 1976 haendi popote kwa rangi. Alitaka kuona mwaka wake umeandikwa, na jedwali lile kavu ndilo lililompa.

Nilimpelekea karatasi mwezi Agosti, nikiwa nimezungushia kalamu mistari miwili. Aliikagua kwa miwani yake, akafurahi kuona 17.8 yake, kisha akatembeza kidole chini taratibu hadi kwenye miaka ya karibuni na kunyamaza kwa muda. Akaniuliza wastani wa Juni ya mwaka aliooa. Nikaupata mara moja, kwa kuwa kila kitu kimo.

Naipendekeza huduma hii kwa mwalimu wa jiografia, kwa mwandishi wa habari anayetaka kuandika neno "rekodi" bila kubahatisha, na kwa kila Mswahili wa huku anayefanya kazi kwenye wodi, kwenye nyumba ya wazee, jikoni au kwenye ghala lisilo na madirisha, ambaye anaambiwa kwamba joto lilikuwapo siku zote. Matumizi yake hayahitaji elimu kubwa: lahajedwali, subira ya saa moja, na kujua kwamba wastani wa mwezi na kilele cha siku ni vitu viwili. Ambacho haitakupa ni joto la ndani ya chumba. Hilo unalipima mwenyewe, na baada ya kiangazi kile nilianza kuandika kwenye daftari nyuzi za korido yetu saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Daftari hilo likiwa pamoja na kurasa tatu za HadCET ndilo tulilopeleka kwenye kikao cha wafanyakazi na wasimamizi, na chumba kimoja cha chini kikafungwa kiyoyozi ili wazee wahamishiwe huko usiku wa joto.

Faili hupata tarakimu mpya kila mwezi unapokwisha. Miezi ambayo haijafika imeandikwa -99.9, ishara kwamba bado haijapimwa, na kila tarehe za mwanzo za Julai hulifungua kabla ya zamu kuangalia kilichowekwa mahali pa ile ya Juni.